Siku Kiatu Kilipomtoka

Ilianza Jumanne, tarehe tano mwezi wa tano mwaka 1970, saa kumi na robo jioni. Sibahatishi. King'ora cha kiwanda cha chai hulia saa kumi kamili, na siku hiyo kilinikuta kwenye kidaraja cha mtaro. Kutoka hapo hadi mahali nilipoona damu ni mwendo wa robo saa ukiwa na kuni kichwani. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ametuagiza kila mmoja awe na daftari lake, aandike tarehe na saa kabla ya neno lingine lolote. Mimi siwezi kuongea mbele za watu, kwa hivyo niliandika kila kitu, hata upuuzi. Hiki nacho nilikiandika kama upuuzi.

Mdogo wangu, msichana wa miaka minane, alikuwa ametangulia na mzigo wake mdogo wa kuni. Tulikata njia katikati ya chai iliyopogolewa, ile ambayo vichaka vimeshushwa hadi magotini na visiki vyake ni vikali kama misumari. Tulipotokea upande wa pili nikaona matone ya damu mbele yangu, moja hapa, moja pale. Nikamwita. Alikuwa na kiatu kimoja tu cha plastiki, cha kulia. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu na kidole gumba kimepasuka hadi nyama nyeupe inaonekana.

"Kiatu kiko wapi?"

Akaangalia chini. "Kwani kimetoka?"

"Unaniuliza mimi?"

"Sikusikia kikitoka."

Tulirudi kukitafuta hadi giza likaanza kuingia, hatukukiona. Mama alimchapa kwa ajili ya kiatu. Usiku ule niliandika hivi: *Leo mjinga amepoteza kiatu na kujikata na hata hakulia. Mama amemchapa, hapo ndipo akakumbuka kulia.* Nilipenda sana jinsi sentensi hiyo ilivyokaa. Nilisoma mara mbili.

Sisi ni watu wa Kisii. Baba alikuja huku Kericho kabla sijazaliwa, akapata kazi kwenye shamba la chai, na nyumba tuliyopewa kwenye laini, safu za nyumba za wafanyakazi, ilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati. Mimi na mdogo wangu tulilala kitanda kimoja nyuma ya pazia. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kujua kwamba, kuanzia mwezi wa sita, hakutaka tena kulala chali wala ubavu. Alikuwa anaketi, mgongo ukutani, magoti kidevuni, na usingizi unamchukua hivyo hivyo. Akiteleza akalala anaamka analia. Alisema akilala mgongo unawaka.

Asubuhi nilimshtaki kwa Mama kwamba ananinyima usingizi na nina mtihani.

"Mgongo?" Mama alisema, akicheka huku akifunga kikapu. "Mgongo wa nani? Wewe hata kikapu hujabeba. Mgongo uko hapa kwangu, njoo uuguse."

Ni lazima mtu awe ameishi kwenye laini ili aelewe. Kwetu, mgongo ulikuwa ugonjwa wa watu wazima. Mwanamke alikuwa anabeba kikapu cha majani mabichi miaka na miaka, mkanda ukimkaza, ndipo anapata haki ya kusema, "Mgongo wangu." Wanawake walisalimiana nao: mgongo wako uliamkaje? Mtoto wa miaka minane kusema ana mgongo ilikuwa kama kusema ana wajukuu. Waliposikia walicheka, na wakaanza kumwita Nyanya.

"Nyanya, mkongojo uko wapi?"

"Nyanya, leo utachuma kilo ngapi?"

Mwezi wa nane shule zilifungwa, tukaenda shambani kumsaidia Mama kuchuma. Kila mchumaji ana fito lake, kijiti chepesi kilichonyooka, ambacho anakilaza juu ya kichaka. Jani linalochomoza juu ya fito linachumwa, la chini linaachwa, na hivyo chai yote inabaki imelingana kama meza. Mdogo wangu wakati huo alikuwa ameanza kuinama upande mmoja. Bega la kulia lilikuwa juu, la kushoto chini. Alisimama kwenye mstari kama mtu anayesikiliza kitu ardhini.

Wakati wa kupumzika wanawake walikuwa wanamtazama, na mimi, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kutoa neno mbele ya watu sita, nikasema, "Tumfunge fito anyooke."

Walicheka wote. Mmoja alijipiga paja hadi chai ikamwagika. "Haki huyu msichana! Kumbe ana mdomo!" Sijui kama mtu asiye na haya anaweza kuelewa ladha ya jambo kama hilo. Watu walicheka kwa sababu ya maneno yangu. Kwa hivyo nililifanya. Nilichukua fito la Mama lililovunjika ncha, nikararua gunia vipande, nikamfunga fito lile mgongoni chini ya gauni, kiunoni na kifuani. Mama alisema pengine litamsaidia. Kuanzia siku hiyo nilimfunga kila asubuhi.

"Usikaze hapo."

"Nyamaza. Unataka kukua kama mundu?"

Hakubisha sana. Nilikuwa dada yake mkubwa na nilikuwa sekondari.

Mwezi wa tisa alianza kukojoa kitandani. Alikuwa ameacha tangu akiwa na miaka mitatu. Kitanda kilikuwa chetu sote wawili, na niliamka nimelowa hadi kifuani, siku ya shule, na sketi moja tu. Nilimpiga. Nilimpiga kwa mkono, halafu kwa kandambili. Kisha tukafuata desturi ya laini: mtoto anayekojoa anabeba blanketi lake kichwani, likiwa linadondosha, anapita nalo katikati ya nyumba zote hadi kwenye bomba, watu wakiona. Alipita akikokota mguu wa kushoto.

"Jameni, mvua ilinyesha kwenu peke yenu?"

"Nyanya amevuka mto!"

Nilitembea nyuma yake ili watu wasidhani ni mimi. Aliporudi aliniambia kwa sauti ndogo, "Sikusikia mkojo ukija."

Niliyaandika maneno hayo. Juu yake, kurasa chache nyuma, kulikuwa na yale mengine: *sikusikia kikitoka*. Yote kwa mkono wangu, yote na tarehe na saa. Sikuyaweka pamoja.

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja alishuka kitandani, miguu ikakunjika, akakaa sakafuni. Alijaribu tena. Akaniangalia, akacheka kidogo, kama mtu aliyeteleza mbele ya wageni. Baba alimbeba hadi kwa nyapara.

Nyapara alikuwa Mkipsigis, mtu mpole kabisa, mzee wa kanisa kwao Kimulot. Alimtazama mtoto, akavua kofia.

"Gari ya kampuni haichukui mtoto mgonjwa," alimwambia Baba. "Inachukua ajali na mama wa kuzaa. Hakuna ingine kapisa."

"Sasa nifanye nini, mzee?"

"Sema ameanguka kwa mtaro. Jana jioni. Mimi nitasema niliona."

Basi dresa wa zahanati ya shamba akaandika kwenye karatasi kwamba mtoto alianguka mtaroni jana jioni na kabla ya hapo alikuwa mzima. Gari likaja. Nyapara mwenyewe ndiye aliyemkunjia koti lake kichwani. Uongo ule ulitoka kwenye huruma, sina neno baya juu yake. Lakini karatasi ile ilikwenda naye, na kila aliyempokea aliisoma kabla ya kumtazama mtoto.

Walimpeleka hospitali ya misheni, upande wa Bomet. Daktari alikuwa mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu. Alipiga picha ya mifupa, hakuona mfupa uliovunjika wala ulioliwa na kifua kikuu. Akamuuliza Mama, "Kabla ya kuanguka, mtoto huyu alitembea vizuri?"

Mama aliangalia karatasi mkononi mwa daktari. Alikuwa amefikiria mambo yote njiani: nyapara, dresa, kazi ya Baba, nyumba. "Vizuri," alisema. "Alikuwa mzima."

Daktari akaeleza kwamba ndani ya uti wa mgongo unapita uboho, laini, kama kamba, na ndio unaobeba habari kati ya kichwa na miguu. Mtu akianguka vibaya uboho hupondeka na kuvimba, na dawa yake ni kulazwa juu ya ubao, asitikisike, na kungoja. Wiki sita, labda zaidi.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama na mkoba wa shule. Daftari lilikuwa ndani. Nilijua siku na saa. Nilijua kwamba hakuna mtoto aliyeanguka. Nilikuwa nafikiria Baba na kazi yake, ndiyo, naweza kuandika hivyo na ingekuwa kweli. Lakini ukweli zaidi ni kwamba kwenye daftari lile mlikuwa na fito, na kandambili, na blanketi, na utani wangu. Nilishika mkoba kwa mikono miwili hadi tukatoka.

Tulikuwa tunakwenda kumtazama kila Jumapili. Daktari alipita vitanda vyote, na kwake alifanya jambo lile lile kila mara: alishika kidole gumba cha mguu, akakisogeza, akauliza.

"Funga macho. Kidole kiko juu au chini?"

Jumapili ya kwanza mdogo wangu alinivuta sikio kabla daktari hajafika. "Nikipata zote nitarudi nyumbani?"

"Ndiyo."

"Basi nionyeshe."

Alikuwa na njia ya kufumba macho huku anaona kupitia kope, ile tunayoitumia wakati wa maombi. Nilisimama miguuni pa kitanda. Kidole kikienda juu, niliinua kidevu. Kikishuka, nilishusha.

"Juu," alisema. "Chini. Chini. Juu."

"Vizuri sana," alisema daktari, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli. "Inaanza kurudi. Tungoje."

Tulifanya hivyo Jumapili tano. Kila Jumapili daktari aliandika kwamba inarudi. Kila Jumapili miguu ilikuwa myembamba zaidi. Mdogo wangu alinikonyeza kila daktari alipogeuka, tukacheka kimya kimya, na nadhani hatukuwahi kupendana kama tulivyopendana Jumapili zile.

Jumapili ya sita daktari alitazama miguu, akatazama yale aliyoandika, akatazama tena miguu. Kisha akachukua taulo na kumfunika mtoto uso.

"Kidole kiko juu au chini?"

Daktari akakisogeza tena.

"Juu au chini?"

"Umeshika?" sauti ikatoka chini ya taulo. "Kwani umeshaanza?"

Alichukua pini, akachoma nyayo. Akachoma kifundo, goti, paja, kitovu. Damu ikatoka tone moja kwenye goti. Chini ya taulo mdogo wangu alisema, "Dada? Wamefika wapi?"

Nikatoa daftari. Nilimpa daktari tu likiwa limefunguliwa kwenye ule ukurasa wa mwezi wa tano. Mwandiko wangu ulimshinda, akampa nesi. Nesi akasoma kwa sauti, hapo hapo wodini, mbele ya Mama na wagonjwa waliokuwa macho na watu waliokuja kuwatazama.

Alisoma kiatu. Alisoma kulala ameketi. Alipofika kwenye fito alisita, akaniangalia.

"Soma," daktari alisema.

Akasoma fito. Akasoma *wote walicheka, hata yule wa nyumba ya kona, nilifurahi sana*. Akasoma kandambili. Akasoma bomba na mto na Nyanya. Alisoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma matangazo kanisani, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angepiga kelele. Mama alikuwa ameshika chuma cha kitanda. Hakugeuka. Mwanamke wa kitanda cha pili alisema, "Ati dada yake?"

Daktari hakunigombeza. Alihesabu miezi kwa vidole: wa tano, wa sita, wa saba. Kisha akasema taratibu, akitafuta maneno, "Wiki sita mimi nangoja jeraha lipone. Hakuna jeraha. Kuna kitu kinakua ndani."

Kesho yake walimchoma sindano kiunoni, wakatia dawa nzito inayoonekana kwenye picha, wakamfunga kwenye meza inayoinama na kumwelekeza kichwa chini. Dawa ile ilitakiwa kuteleza kwenye uti hadi shingoni. Ilifika nusu ya mgongo ikasimama, kama maji kwenye mtaro ulioziba. Nesi ndiye aliyenieleza hivyo. Kuanzia siku ile alinieleza kila kitu bila kuulizwa, sijui kama ni kwa wema au ni kwa adhabu.

Ulikuwa uvimbe, na haukuwa kando ya uboho bali ndani yake, mrefu kama kidole cha mtu mzima. Daktari alisema kwa watoto ni nadra sana, na kwamba yeye aliwahi kuuona kwenye vitabu tu. Akampeleka Nairobi pamoja na Mama. Huko walimpasua, wakaondoa vifuniko vya mifupa nyuma ya uti, wakatoa walichoweza kutoa. Kilichobaki walikichoma kwa mashine ya miale, kila siku kwa wiki kadhaa. Mama alikuwa analala kwenye benchi na hakujua mtu. Aliporudi alikuwa na mvi mbele, na alikuwa ananipa chakula bila kunitazama.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata tulimrudisha kwa daktari wa misheni aangaliwe. Kovu lilikuwa limenyooka katikati ya mgongo, kutoka mabegani hadi karibu na kiuno. Lilikuwa pale pale nilipokuwa nafunga fito. Daktari alimchoma pini tena, akamfunika taulo tena.

"Maumivu yamekwisha," alimwambia Mama. "Atalala vizuri. Miguu hairudi. Na mkojo, huo pia hautarudi. Lazima mumgeuze mara kwa mara, usiku na mchana, asipate vidonda."

"Hata kidogo?" Mama aliuliza. "Hata ya kusimama?"

"Hapana."

Hapo nilimuuliza swali. Lilikuwa swali langu la kwanza kwa mtu mzima nisiyemjua. "Kama ningeleta daftari mwezi wa nane?"

Angeweza kudanganya, nilikuwa mtoto wa shule. Alifunga kalamu yake. "Mwezi wa nane alikuwa anatembea," alisema. "Anayeingia kwa upasuaji akitembea, mara nyingi anatoka akitembea."

"Na Jumapili ya kwanza?"

Aliita mgonjwa mwingine.

Nyumbani jioni ile nilimlaza, nikaweka matambara kati ya magoti kama tulivyofundishwa. Mama na Baba walikuwa kwa jirani kwenye maombi. Mdogo wangu alikuwa ananitazama tu.

"Lete kile kitabu chako."

"Cha nini?"

"Mama anasema mimi niko ndani. Soma."

Nikasoma. Alitaka yote. Kwenye kiatu alisema, "Kilikuwa kizuri, kile kiatu." Kwenye fito alinisimamisha.

"Rudia pale."

Nikarudia.

"Walicheka?"

"Walicheka."

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Hujaandika kwamba lilikuwa linachoma. Nilikwambia usikaze. Andika."

Nikachukua kalamu nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo: *alisema usikaze*. Alinyoosha shingo kuhakikisha. Kisha akauliza, kwa udadisi tu, bila hasira, "Sasa wewe ukiolewa, nani atanigeuza?"

Nikasawazisha matambara kati ya magoti yake. Alingoja kidogo, akalala.

Asubuhi yake blanketi lilikuwa limelowa, na mimi pia. Kulikuwa na njia ya nyuma ya vyoo, ambayo Mama alikuwa anaipita kabla ya mapambazuko ili watu wasione, na nilisimama mlangoni nikiiangalia. Kulikuwa kumeshakucha. Nikalikunja blanketi, nikaliweka kichwani, maji yakanishuka shingoni hadi ndani ya sketi ya shule. Nikapita katikati ya laini.

Wanawake walikuwa wanafunga vikapu. Yule aliyejipiga paja siku ile alinyoosha shingo. "We! Leo nani amekojoa huko kwenu?"

"Mimi," nikasema.

Watoto wakaanza kucheka. Nikafika kwenye bomba, nikasimama kwenye foleni nyuma ya ndoo tano, nikangoja zamu yangu.